Nani Anasimulia? Mbinu za Usimulizi katika Hadithi Fupi na Hukumu ya Msomaji

Mwalimu anapowataka wanafunzi wataje mbinu za usimulizi zilizotumika katika hadithi fupi, majibu huja upesi: nafsi ya kwanza, kisengere nyuma, taharuki. Majina hayo ni sahihi. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiulizwa mbinu hiyo imemfanya nini yeye msomaji, mara nyingi hukaa kimya. Makala haya yanakusudia kueleza upande huo wa pili, kwani istilahi ya fasihi haijafahamika mpaka kazi ya kitu inachokitaja iwe imefahamika.

Tuchukue tukio dogo tulilolibuni wenyewe, tuliweke mahali wanapopajua wasomaji wetu wengi: Mtaa wa Congo, Kariakoo, saa tano asubuhi, wakati wauza vitenge, wanunuzi na wasukuma mikokoteni wanapogombea nafasi ya kupita. Msimulizi wa kwanza anasema hivi:

"Kijana wa mkokoteni alisimama karibu na kibaraza. Alitazama kulia na kushoto. Alilichukua kapu la yule mama, akakimbia kuelekea Msimbazi."

Msimulizi wa pili anasema hivi:

"Nililiona kapu kibarazani, mwenyewe hayupo. Nikatazama kulia na kushoto, nikaiona kanga yake ya njano inapotelea kwenye umati. Nililichukua, nikakimbia kumfuata kabla hajapanda gari."

Matendo ni yaleyale: kutazama kulia na kushoto, kuchukua, kukimbia. Hakuna msimulizi aliyesema uongo. Hata hivyo msomaji wa simulizi ya kwanza amekwisha kumpata mwizi, na msomaji wa simulizi ya pili amempata mtu mwema. Wale wanaojua jinsi ukelele mmoja wa "Mwizi!" unavyoweza kukatisha maisha ya mtu sokoni kabla hajaulizwa jina, wataelewa kwamba jambo tunalolieleza si pambo la darasani.

Tofauti ya kwanza ni nafasi ya msimulizi. Yule wa kwanza yuko nje. Anaona mwili, haoni nia. Palipo na pengo la nia, msomaji hulijaza kwa mazoea yake mwenyewe, na mazoea yetu kuhusu vijana wa mkokoteni si mema siku zote. Yule wa pili anatuingiza ndani ya kichwa chake, nasi tunaona kwa macho yake. Lakini hapa pia hapana budi tujihadhari. Nafsi ya kwanza huleta ukaribu, haileti ukweli. Katika riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na msomaji hulazimika kujiuliza kama watu wanaomzunguka wako kama anavyowaona yeye. Yuko na msimulizi wa tatu, ajuaye nia ya kijana, wasiwasi wa mama na hasira ya umati kwa pamoja. Huyo ndiye aitwaye msimulizi maizi, kutokana na kitenzi kumaizi, yaani kutambua na kufahamu. Wengine humwita mjuzi wa yote. Kwa maoni yetu maizi lafaa zaidi, kwa kuwa mjuzi wa yote ni sifa ambayo waumini wengi humpa Mungu, na tena msimulizi wa namna hii, ingawa anajua yote, hasemi yote. Huchagua la kusema na wakati wa kulisema.

Tofauti ya pili imo katika sarufi yenyewe, na mara nyingi vitabu vya uhakiki huipita. Tuangalie kiambishi -ka-. Tukisema "Soko la Kariakoo lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua mwaka 2021," hakuna atakayedhani kwamba kufunguliwa ndiko kulikoleta moto, kwa sababu tarehe zimeweka miaka 46 baina ya matukio hayo. Lakini tukisema "Alilichukua kapu, akakimbia," hakuna nafasi iliyobaki baina ya matendo mawili. Sarufi imetaja mfuatano tu. Msomaji ameongeza sababu: amekimbia kwa kuwa amechukua. Sasa tuitenganishe sentensi: "Alilichukua kapu. Alikimbia." Hapo msomaji husita kidogo, na katika kusita huko swali huzaliwa: kwa nini alikimbia?

Kiambishi hu- kina nguvu nyingine. "Kijana alichukua kapu" ni habari ya mtu mmoja na siku moja. "Vijana wa sokoni huchukua makapu" ni hukumu juu ya kundi zima, na haina siku wala shahidi. Mwandishi wa hadithi aweza kuitumia sauti hiyo kwa makusudi, akampa msimulizi mwenye chuki ili msomaji aitambue chuki yake. Mwandishi wa ripoti akiitumia bila kujua, amehukumu pasipo kusikiliza.

Vionyeshi navyo hupima umbali. "Kijana huyu" yuko karibu na msimulizi. "Kijana yule" amesukumwa mbali. Katika simulizi "yule" huweza pia kumtaja mtu aliyekwisha kufahamika, kwa hiyo uzito wake hutegemea muktadha. Lakini hadithi inayoanza na "huyu" kisha ikageukia "yule" bila sababu ya mahali, yaonyesha kwamba moyo wa msimulizi umehama. Neno dogo "eti" lina ukali zaidi. "Alisema alikuwa anamfuata mwenyewe kapu" humwachia msomaji uamuzi. "Eti alikuwa anamfuata mwenyewe kapu" humtia msomaji katika kejeli ya msimulizi kabla hajafikiri. Vivyo hivyo tofauti iliyopo baina ya alisema, alieleza na alidai.

Tofauti ya tatu ni mpangilio wa habari. Tuseme hadithi yetu yaanza na kijana amezingirwa na umati, kisha inarudi nyuma kutuonyesha kapu kibarazani. Kurudi huko ndiko kuitwako kisengere nyuma, na wengine husema mbinu rejeshi. Kazi yake hapa ni kubwa: msomaji aliyekwisha kumhukumu kijana pamoja na umati hulazimika kuitengua hukumu yake, na hujiona naye alikuwa mmoja wa waliookota mawe. Hadithi iliyopangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho isingempa aibu hiyo yenye faida.

Kuchelewesha habari huzaa taharuki, ile hali ya kutaka kujua litakalofuata. Wasomaji wa Alfu Lela U Lela wanajua jinsi Shahrazad alivyookoa maisha yake kwa kukatiza kisa usiku baada ya usiku. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Karama, akiwa mshitakiwa, anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe waliotumwa nchi mbalimbali. Wasikilizaji wake ni baraza linalomhukumu, na nyuma yao yuko msomaji, naye analihukumu baraza. Hadithi fupi haina nafasi ya namna hiyo. Kurasa zake ni chache, na kwa sababu hiyo kila badiliko la nafsi, la wakati au la mpangilio huonekana na huuma zaidi.

Yafaa hapa tutaje tatizo moja la istilahi. Katika magazeti, taharuki siku hizi hutumika kwa maana ya hofu ya ghafla: "Taharuki yazuka sokoni." Mwanafunzi aliyezoea maana hiyo hudhani kwamba hadithi isiyo na mbio wala makelele haina taharuki. Hatupendekezi neno jipya, kwa kuwa hili limekwisha kukaa katika vitabu. Tunapendekeza mwalimu alifafanue: taharuki ya fasihi hukaa ndani ya msomaji, hata kama wahusika wametulia wakinywa kahawa.

Kwa wafasiri liko jambo la pekee. Kiambishi a- cha Kiswahili hakisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa Kiswahili aweza kusimulia habari ya mhusika asiyetajwa jina tangu mwanzo hadi mwisho, kisha katika sentensi ya mwisho akafichua kwamba msukuma mkokoteni alikuwa binti. Mshtuko wa msomaji watokana na dhana yake mwenyewe, maana hakuna aliyemwambia kwamba ni mwanamume. Mfasiri anayeipeleka hadithi hiyo katika Kiingereza, ambacho viwakilishi vyake vya kawaida vya nafsi ya tatu umoja hutenganisha mume na mke, asipotahadhari ataifichua siri katika mstari wa kwanza. Na mfasiri anayekuja upande wa Kiswahili, akiongeza "mwanamke huyo" kila mahali ili asipoteze kitu, huweza kuchosha sentensi ambayo a- peke yake ingeitosheleza.

Nao watumishi wa serikali wasidhani kwamba mambo haya ni ya walimu wa fasihi tu. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania. Maelezo ya shahidi yanayoandikwa upya kutoka nafsi ya kwanza kwenda nafsi ya tatu, ripoti ya afisa wa soko, muhtasari wa kikao, yote haya ni usimulizi. "Nilikimbia kumfuata" ikiandikwa "alikimbia", nia imeachwa njiani. Mwandishi hakukusudia ubaya, amefupisha tu. Lakini kijana amepoteza utetezi wake.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza kila istilahi ya usimulizi ifundishwe pamoja na maswali matatu. Nani anasimulia, naye anajua nini? Ni lipi limetangulizwa, na lipi limecheleweshwa? Msomaji amemhukumu nani, na kwa ushahidi upi? Vitabu vya msingi tunavyo: Misingi ya Hadithi Fupi (1992) cha Mbunda Msokile na Kamusi ya Fasihi (2003) ya K. W. Wamitila vimekwisha kurahisisha kazi ya majina. Kazi iliyobaki ni ya kuyatia majina hayo maana mbele ya wanafunzi, na hiyo hufanyika kwa kusimulia kisa kimoja mara mbili. Wasomaji wenye mifano kutoka shuleni, mahakamani au sokoni wanakaribishwa kutuletea, ili tuijadili katika matoleo yajayo.