Kipa anatema mpira, kumbe tatizo ni shingo

Kipa anatema mipira miepesi miwili ndani ya mechi moja, na jukwaani tayari mtu kashasema ameuza mechi. Huenda tatizo liko shingoni.

Shingo ina pingili saba na jozi nane za neva. Za chini ndizo zinazoendesha mabega, mikono na vidole. Diski ikichomoza na kubana neva, maumivu na ganzi hushuka mkononi, na kila neva ina alama zake. Ya tano ikibanwa, kuinua mkono pembeni inakuwa shughuli. Ya sita huleta ganzi kwenye kidole gumba. Ya saba, inayobanwa mara nyingi kuliko zote, hugusa kidole cha kati na kulegeza msuli wa kunyoosha kiwiko. Hapo kipa hapigi krosi ngumi ikafika mbali. Ya nane hula nguvu ya kushika, ndiyo hiyo ya kutema mpira.

Peyton Manning, staa wa ule mpira wa Marekani wa kurusha kwa mikono, alikosa msimu mzima wa 2011 kwa sababu ya shingo. Mkono wake wa kurushia uliishiwa nguvu, akaunganishwa pingili kwa upasuaji, na Machi 2012 Indianapolis Colts wakamwacha. Akaenda Denver Broncos, na msimu wa 2013 akaweka rekodi ya pasi 55 za kufunga. Wengi, hata hivyo, hupona bila kisu.

Kumjua mbaya ni nani, madaktari hutumia kipimo cha EMG. Sindano nyembamba huchomwa msuli mmoja baada ya mwingine, mashine ikisoma umeme wake. Msuli mmoja mbovu hautoshi. Wanatafuta miwili au zaidi inayotegemea neva moja ya shingo, ingawa mkononi inapata umeme kupitia njia tofauti. Hapo mwizi kakamatwa.

Ila kipimo hiki hakitaki haraka. Dalili zake zinaweza kuchukua kama wiki tatu kujitokeza, hivyo anayepimwa siku mbili tu baada ya kuangukia shingo anaweza kupewa majibu safi na kurudishwa golini Jumamosi. Na palipo na ganzi tupu bila udhaifu wa msuli, sindano inaweza isione kitu kabisa. Daktari wa timu anayejua kazi humkagua kwanza kwa mikono yake, humpeleka MRI, na asiporidhika hurudia EMG baadaye, hata kama kocha ananuna.