Redio za Manowari na Namna ya Kuzipima (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kazi ya valvu. Leo yanipasa kumjibu msomaji wa hapa Voi aonaye ajabu kwamba watu wakaao karibu maili 100 kutoka bandari ya Kilindini washughulike na redio za manowari. Nami namwambia kwamba ukavu wetu huu ndio unaomdanganya mpimaji, kwani mtambo uliokaa Mwatate miaka mingi bila ila, ukiteremshwa pwani, swichi zake huota kutu ya kijani, na kapasita zake za karatasi na nta hunywa unyevu hata umeme ukavuja pasipo njia yake.

Wengi hupima kwa kuhesabu stesheni za mbali, na kwa kipimo hicho B28 ya wanamaji wa Kiingereza, ambayo Marconi waliiita CR100, yastahili sifa: ina valvu 11, nayo hupokea tangu kilohezi 60 hadi megahezi 30, isipokuwa pengo la kati ya kilohezi 420 na 500. Lakini melini mtambo wa kupokea huishi ubavuni mwa mitambo ya kurushia, na sharti usikie sauti dhaifu huku jirani akinguruma. Tena, na hili ndilo zito zaidi, sharti wenyewe unyamaze. Maana ndani yake mna osileta, sehemu izaayo mawimbi, na mawimbi yake yakipenya hadi kwenye eriali, adui msikivu atajua meli ilipo. Mwaka 1943 Wajerumani waliizima Metox, kipokezi cha kugundulia rada katika nyambizi zao, kwa hofu hiyo hiyo, kumbe Waingereza walikuwa wakiwaona kwa rada ya mawimbi mafupi kuliko yale Metox iliyoweza kuyasikia. B28 ina hatua mbili za kukuza mawimbi kabla ya osileta, nazo husaidia kuyazuia yasitoke.

Wala mtambo mzuri haushindi masafa. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo Aprili 1942, wasikilizaji wa siri wa Kiingereza walihamia Kilindini, katika skuli ya Allidina Visram. Sauti za Wajapani ziliwafikia kwa taabu, na mwaka 1943 wakarejea Colombo.

Hukumu yangu ni kwamba B28 yafaa melini, mradi kapasita zake zibadilishwe kwanza. Aliye nayo Taita asiichomeke katika umeme kabla ya hapo. Juma lijalo, inshallah, tutaitazama B40 ya Murphy.