Wekesa Wafula Yupi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kando ya barabara ya vumbi huko Tongaren, karani wa chama cha maziwa anatundika mtungi kwenye mizani. "Wekesa Wafula, kilo kumi na moja na nusu!" Mwenzake mwenye daftari anainua kichwa. "Yupi? Mwalimu, au mwenye poshomili?" "Mwenye poshomili." Anaandika, foleni inasonga.

Sasa wape watu hao kompyuta. Kijana aliyesomea Nairobi anawaandikia programu yenye rangi nzuri na vitufe vikubwa, na ndani yake maziwa ya kila siku yanahifadhiwa kwa jina la mkulima. Mwisho wa mwezi mwalimu anapokea hela za maziwa ya watu wawili, mwenye poshomili hapati kitu, na lawama zote zinamwangukia karani.

Eneo hili la kaskazini mwa Bungoma, linalopakana na Trans Nzoia, lina mtego wake. Wabukusu wengi humpa mtoto jina la majira aliyozaliwa. Wekesa ni wa mavuno, Wafula ni wa mvua, Simiyu ni wa kiangazi, Wanjala ni wa njaa. Mabinti nao ni Nekesa, Nafula, Nasimiyu na Nanjala. Majira ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo rejista yoyote ya huku itajaa majina pacha. Anayelifanya jina kuwa ufunguo wa jedwali hajawahi kusimama kwenye foleni ya maziwa.

Basi tutumie nini? Namba ya ploti inavutia. Sehemu kubwa ya Tongaren ni mashamba ya walowezi yaliyokatwa vipande baada ya uhuru na kugawiwa wananchi, na hadi leo watu hutaja ploti kwa namba. Lakini baba aliyegawiwa ploti moja aliwarithisha wana watano, nao wana wao, na sasa nyuma ya namba moja kuna maboma kadhaa yenye ng'ombe. Namba ya simu? Laini hupotea, na mama na bintiye huweza kutumia moja. Kitambulisho cha taifa ni imara zaidi, ila mzee akifariki mjane huendelea kuleta maziwa, na hesabu za familia haziwezi kuanza upya kwa sababu ya kitambulisho. Dawa ni chama kutoa namba yake chenyewe, isiyobeba maana yoyote: 1, 2, 3, na kuendelea. Namba isiyo na maana haina sababu ya kubadilika. Mengine yote yabaki kuwa maelezo tu:

CREATE TABLE mwanachama (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  kitambulisho TEXT UNIQUE,
  simu TEXT
);

Angalia simu na kitambulisho: nimeviandika kama maandishi. Ukiiweka simu kama tarakimu, sifuri ya mbele inamezwa, na siku ya malipo utakuwa unatafuta watu wasiopatikana. Hakuna anayejumlisha namba za simu.

Neno UNIQUE hapo, linalokataza thamani kujirudia, ndilo kiini cha makala haya. Mwandishi wa programu anaweza kuweka sharti hilohilo kwenye fomu ya skrini, na wengi huishia hapo. Lakini kesho atakuja mwingine na programu ya simu, kesho kutwa mtu atamimina majedwali ya Excel moja kwa moja, na fomu ile haitaulizwa. Sharti lililo ndani ya hifadhidata yenyewe halina mlango wa nyuma. Ni afadhali mashine ikatae saa mbili asubuhi kuliko karani agombane na wakulima siku ya malipo. Fikra hii ni ya zamani: Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alichapisha mwaka 1970 makala yaliyopendekeza data zote zipangwe kwa mahusiano, yaani majedwali yanayoungana kwa thamani zilizomo, na humohumo alizungumzia jinsi ya kulinda data zisipingane.

Ila sharti litoke kazini, si kichwani mwako. Ungeweza kuamuru kwamba mkulima hana zaidi ya rekodi moja kwa siku kwa kila zamu, ya asubuhi na ya jioni. Inaonekana busara mpaka mwenye ng'ombe sita alete mitungi miwili, na mfumo uutupe wa pili. Nenda ukasimame na karani wiki moja. Utagundua kinachopaswa kuwa cha pekee ni namba ya stakabadhi.

Uzito nao una hila. Kompyuta ikihifadhi desimali kwa njia yake ya kawaida, 0.1 kuongeza 0.2 huzaa 0.30000000000000004. Hifadhi gramu kamili: kilo 11.5 ni 11500. Fedha weka kwa senti. Saa pia: seva nyingi huhesabu muda kwa UTC, nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo malipo ya saa saba usiku wa kuamkia tarehe mosi yataandikwa saa nne usiku ya mwezi uliopita.

Kuhusu chombo chenyewe, nitasema jambo linalowaudhi baadhi ya wenzangu. Chama chenye kompyuta moja ofisini hakihitaji seva ya kulipia kila mwezi. SQLite inatosha, hiyohiyo iliyomo ndani ya kila simu ya Android. Kumbuka tu kwamba haisimamii uhusiano kati ya majedwali mpaka uiamuru PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho. Makarani wakiwa wengi na wote wanaandika kwa pamoja, hapo hamia PostgreSQL.

Siku ya malipo ndipo penye jasho. Kukata deni la dawa za mifugo na kuandika malipo ni mambo mawili yanayopaswa kufanyika yote au yasifanyike kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya muamala: umeme ukikatika katikati, hifadhidata inarudi ilipokuwa. Lakini M-Pesa haimo ndani ya hifadhidata yako. Hela iliyotumwa hairudishwi kwa amri ya ROLLBACK. Mtandao ukinyamaza baada ya kutuma, karani hubonyeza tena, na Nafula analipwa mara mbili. Andika kwanza rekodi ya malipo, yenye namba ya pekee kwa mwanachama na mwezi wake, hali yake ikiwa "inasubiri". Ndipo utume. Jibu lisipokuja, uliza hali ya muamala ule, usitume mwingine.

Na nakala rudufu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Nakala za kila siku walizozitegemea zilikuwa zikishindikana bila mtu kujua, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Hao ni wataalamu wa kulipwa. Wewe una flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta ileile, ambayo mwizi ataibeba pamoja nayo. Tena imejaa vitambulisho na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uzilinde, kwa hiyo ifunge kwa nywila kabla haijatoka ofisini.

Kama programu yako inalipa watu, usilale leo bila kufanya hivi: chukua nakala ya jana, ifungue kwenye mashine nyingine, jumlisha kilo za mwezi, kisha linganisha na daftari la karani.