Kompyuta Inayosomeka kwa Vidole: Programu ni Bure, Kifaa Ndicho cha Kupangia

Mkazi asiyeona anayetafuta kazi ya ukarani hukumbana mapema na swali moja: atasomaje kilichoandikwa kwenye kompyuta?

Wengi hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Sauti ni ya haraka, lakini haitoshi kila mahali. Ndani ya saiba yenye kelele haisikiki vizuri, na nambari ya kitambulisho husikika hadi kwa aliyeketi kando. Sauti pia haionyeshi wazi kama jina limeandikwa “Mwangi” au “Muangi”. Kwa mkazi asiyeona na asiyesikia, haimfai kabisa.

Njia nyingine ni kusoma kwa vidole, kwa kutumia kifaa cha breli (nukta nundu) kilichounganishwa na kompyuta. Makala hii inaeleza jinsi kifaa hicho kinavyotumika na Linux, mfumo endeshi unaopatikana bila malipo.

Kifaa kinavyofanya kazi

Kifaa huwekwa mbele ya kibodi na kuunganishwa kwa waya wa USB au kwa Bluetooth. Juu yake kuna safu moja ya vyumba. Kila chumba kwa kawaida kina vipini vidogo 8 vinavyoinuka na kushuka ili kuunda herufi. Breli ya karatasini hutumia nukta 6. Mbili za ziada huonyesha mambo kama herufi kubwa na mahali pa kuandika palipo.

Msomaji akimaliza safu, hubonyeza kitufe na maneno yanayofuata huinuka. Vifaa vingi vina kitufe kidogo kwa kila chumba. Ukikibonyeza, alama ya kuandika huhamia kwenye herufi hiyo ili urekebishe kosa.

Vifaa vingi vina vyumba 20, 40 au 80. Maneno “Tarehe ya kuzaliwa” huchukua vyumba 18 vikihesabiwa pamoja na nafasi. Kwa hivyo, mwenye kifaa cha vyumba 20 atayasoma kwa mara moja, kisha asogeze mbele ili kupata jibu.

Programu zinazohitajika

Programu tatu hushirikiana, na zote ni huria: mtu yeyote anaweza kuzitumia, kuzinakili na kuziboresha bila kulipia leseni.

Ya kwanza ni BRLTTY, ambayo imekuwa ikiandikwa tangu 1995. Ndiyo inayozungumza na kifaa chenyewe. Ya pili ni Orca, ambayo husoma madirisha, menyu na kurasa za intaneti. Ya tatu ni Liblouis, ambayo hugeuza maandishi kuwa breli, ikiwemo breli ya mkato. Liblouis ina jedwali la Kiswahili cha Kenya, hivyo msomaji halazimiki kusoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza.

Jinsi ya kuanza

1. Unganisha kifaa cha breli kabla ya kuwasha kompyuta.
2. Kwenye Linux ya Ubuntu, bonyeza kwa pamoja Alt, kitufe chenye nembo ya Windows na herufi S. Orca itaanza.
3. Bonyeza Insert na nafasi ili kufungua mipangilio ya Orca, kisha uende kwenye ukurasa wa breli. Hapo utachagua jedwali la lugha.
4. Vipini visipoinuka, huenda kifaa hakikutambuliwa chenyewe. Mwombe fundi aandike aina ya kifaa hicho kwenye faili la /etc/brltty.conf.

Anayetaka kujiwekea mfumo mwenyewe anaweza kutumia Debian. Programu yake ya usakinishaji hutambua vifaa vingi vya breli vya USB na kuonyesha kila hatua kwa breli, kwa hivyo si lazima kumsubiri mtu anayeona.

Kabla ya kununua

Gharama kubwa ni kifaa. Vingi vya vyumba 40 hugharimu laki kadhaa za shilingi. Kabla ya kulipa au kupokea msaada, hakikisha kifaa kimo kwenye orodha ya vinavyotambuliwa na BRLTTY, na uombe kukijaribu kwenye kompyuta utakayotumia. Kumbuka pia kwamba kifaa hakimfundishi mtu breli. Ni lazima ajifunze kwanza.

Haki yako

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia breli na ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Wanaohitaji usaidizi wa vifaa wanashauriwa kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kuuliza kuhusu utaratibu wa maombi.

Ofisi, shule na makundi ya kijamii pia yana sehemu yao. Tangazo lililopigwa picha na kutumwa kwa simu ni picha tu. Kifaa cha breli hakiwezi kuonyesha maneno yaliyomo. Tangazo lilelile likitumwa kama maandishi ya kawaida litasomeka kwa macho, kwa sauti na kwa vidole. Anayetangaza nafasi ya kazi au ya basari hahitaji kununua chochote ili kufanya hivyo.