Nahodha wengi na maji ya Takwa

Miongoni mwa methali ambazo zimewatoa jasho watahiniwa wetu, sidhani kama ipo inayoishinda ile isemayo kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nimesahihisha insha zake kwa miaka mingi. Zipo zinazosimulia kamati ya harusi iliyogombania michango, zipo za chama cha ushirika kilichofilisika, na zipo za timu ya kandanda yenye makocha wawili. Aghalabu huwa ni insha nzuri. Hata hivyo, ni nadra sana kukuta insha ambayo ndani yake mna chombo, mna nahodha na mna maji. Na umwulizapo mwanafunzi mrama ni kitu gani, hukujibu upesi kwamba ni "vibaya".

Mrama ni mwendo wa chombo kulalia ubavu huu kisha ubavu wa pili, mpaka maji yakaribie ukingo. Aliyeitunga methali hiyo hakuwa akifikiria kamati ya harusi. Alikuwa akiwaonya watu waliomo ndani ya chombo wasije wakafa. Maoni yangu ni kwamba methali zetu za bahari zilikuwa kanuni za usalama kabla hazijawa mapambo ya insha, na kwamba tumezifundisha kama mapambo kwa muda mrefu mno. Siku moja ya matembezi katika mashua ilitosha kulidhihirisha jambo hilo mbele ya walimu wanane.

Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka kadhaa iliyopita. Tulikutana Lamu walimu kumi wa masomo mbalimbali, wengi tukiwa tumetoka bara, tukaafikiana kwenda kuyazuru magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili uliositawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Msikiti wake wa Ijumaa ungali na nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la mnara lenye maandishi ya miaka ya 1680. Inasimuliwa kwamba wenyeji wake walihamia Shela, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi huko kuomba mvua. Mashua huufikia mji huo kwa kupitia mkono mwembamba wa bahari uliozungukwa na mikoko. Maji yakijaa, chombo hupita. Yakipwa, hubaki tope.

Vituko vilianzia gatini. Nahodha, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, alituhesabu, akasema chombo chake kinachukua abiria wanane. Mwenzetu wa Hisabati akamthibitishia, kwa vipimo vya urefu na upana, kwamba watu kumi wangeenea bila taabu.

"Nafasi ya kukaa ipo, mwalimu," akajibu yule mzee. "Ya kuelea ndiyo hakuna."

Wawili wakabaki nyuma, nyuso zimewavimba kwa hasira. Sisi wanane tukapewa jaketi za kuokolea maisha. Mwalimu wa Muziki akaikalia yake, kwa kuwa mbao zilikuwa ngumu.

Upepo wa kusi ulikuwa ukitujia usoni, hivyo ilibidi mashua ibishe, yaani iende upande mpaka karibu na ufuo, igeuke, kisha iende upande mwingine. Kila ilipogeuzwa, wimbi liliruka ndani. Wimbi la kwanza liliingia katika sufuria ya pilau. La pili lilimlowesha mwalimu wa Michezo, mtu wa miraba minne ambaye tayari alikuwa ameinamisha kichwa nje akitapika. Kisha upepo ukaipeperusha kofia ya mwalimu wa Fizikia, naye akaamuru chombo kirudi kuifuata. Mwingine akashauri tanga lipunguzwe. Wa tatu akasema likazwe zaidi ili tufike mapema. Wa nne akauliza kwa nini tunakwenda mshazari ilhali Manda inaonekana pale mbele. Kufikia hapo mashua ilikuwa na manahodha watano, na yule wa kweli peke yake ndiye aliyekuwa kimya.

Tulifika saa tano u nusu. Kabla hatujashuka, mzee alitoa agizo moja tu: "Maji yanajaa saa sita. Saa saba niwaone hapa, wanangu."

Watatu tulirejea saa saba. Watano walikuwa bado chini ya mibuyu wakipiga picha na kulijadili lile pilau la chumvi. Kijana baharia alitumwa mara mbili kuwaita. Mara ya pili mwalimu wa Jiografia alimtuliza kwa maelezo ya kitaalamu: maji hupwa kwa muda wa saa sita na dakika chache, basi hata itakapofika saa tisa, nusu ya maji itakuwa ingalipo. Waliwasili saa tisa kasorobo.

Msomaji, maelezo yale hayakuwa na kosa hata moja kwa mujibu wa kitabu. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Ndiyo sababu maji ya kesho huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko ya leo. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi uwapo nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku ile ilikuwa mwezi kumi na moja, maji mafu yamekwisha pita na bamvua inakaribia.

Lililosahauliwa ni kwamba maji hayapungui kwa kipimo kimoja kila saa. Mabaharia wanayo hesabu yao ya kukadiria: saa ya kwanza hutoka sehemu 1 ya sehemu 12, saa ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano 2, na ya sita 1. Tuseme tofauti kati ya maji makuu na maji madogo ni mita 3. Anayeondoka saa moja baada ya maji kujaa hukuta yamepungua kwa sentimita 25 tu. Anayeondoka baada ya saa tatu hukuta mita 1.5 zimekwenda zake. Nusu ya maji ilikuwapo kweli, kama alivyosema mwalimu. Ila haikuwapo katika mkono ule wa mikoko. Nusu hiyo ilikuwa huko nje, kwenye mlango wa bahari.

Tukapwelewa. Tazama jinsi lugha ilivyolitambua balaa hili mapema, hata ikaliundia kitenzi chake: kutokana na pwa tukapata pwelewa, kutendewa ubaya na maji yanayoondoka. Nimekitumia kitenzi hicho ubaoni mara nyingi katika somo la mnyambuliko. Mchana ule kilikuwa na tope la kufika magotini, mizizi ya mikoko inayokata nyayo, na watu wanane wanaosukuma mashua isiyotikisika. Mzee alitazama jitihada zetu kwa muda, kisha akatandika mkeka wake mchangani, akaswali alasiri.

Tulikaa pale tangu saa tisa hadi saa tatu u nusu usiku. Maji ya kunywa yalikuwa yamemalizwa kwa kunawia mikono, na tuliponea dumu la mzee, ambalo alitugawia kwa kikombe kimoja bila kutoa lawama. Mbu walishuka magharibi. Kelele za mchana zilikoma. Mwezi ulipong'aa juu ya mikoko, maji yakaanza kurudi polepole, yakainyanyua mashua kama mtu amwamshaye mgonjwa.

Laiti mambo yangeishia hapo, kingekuwa kisa cha kuchekesha. Huko nje kwenye mkondo upepo ulikuwa umezidi. Kamba iliyolishika tanga ikakatika ghafla, tanga likawa linapigapiga, chombo kikalala ubavu. Watatu kati yetu wakasimama kwa fadhaa na kukimbilia upande mmoja, na maji yakamwagika ndani juu ya ukingo. Hapo ndipo nilipouona mrama kwa macho yangu.

"Kaeni chini! Kila mtu alipo!" Ndiyo mara pekee yule mzee alipopaza sauti siku nzima.

Watu wakakaa. Chombo kikasita, kikainuka. Kijana akaifunga kamba upya, nasi tukafua maji kwa sufuria ya pilau, jaketi zikiwa vifuani na si chini ya makalio. Hakuna aliyetoa ushauri wowote. Wale wawili walioachwa gatini walikuwa wametoa habari jua lilipotua, na mashua nyingine ikatupokea njiani kwa kurunzi. Wakati wa kushuka nilitazama pale maji yalipokuwa yamefika. Kama kumi wangalipanda asubuhi, kama hesabu ya nafasi ilivyotaka, sidhani kama ningalikuwapo leo kuandika makala haya.

Wapo watakaosema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, kwamba yaliyoandikwa yameandikwa. Methali hiyo ina mahali pake, hasa pa kuwafariji waliofiwa, lakini isiwe kisingizio cha walio hai. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka huko Mombasa ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na watu 272 wakapoteza maisha karibu kabisa na nchi kavu. Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Misiba yote miwili ilitokea mbele ya macho ya watu waliosimama ufuoni. Kilichotutenga sisi na misiba ya namna hiyo ni uwezo wa mzee mmoja kuwakatalia wasomi kumi.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu. Tunapoifundisha methali ya nahodha wengi, tuanze na chombo chenyewe kabla ya kufika kwenye kamati. Mwanafunzi ajue mrama, omo na tezi, demani na farumi. Na aelewe ni kwa nini ndani ya chombo sauti moja ndiyo inayopaswa kusikika. Mwalimu wa Hisabati anayo hapa hesabu ya sehemu 12 iliyo tayari, na mwalimu wa Jiografia anaweza kuwaagiza wanafunzi wa pwani wapige alama kwenye nguzo ya gati kwa muda wa wiki mbili, wakaione bamvua na maji mafu kwa macho yao. Shule za bara nazo zisijione zimesalimika. Maziwa yetu hayana bamvua, lakini yana mitumbwi inayojazwa kupita kiasi, na mito yetu ina wanafunzi wanaoivuka kila msimu wa mvua.

Fauka ya hayo, tumpe heshima yake mtu ambaye elimu yake haikupitia kwetu. Yule kijana baharia, niliyeambiwa kwamba aliacha shule mapema, alitaja saa ya maji kujaa kwa kuutazama mwezi tu, na hakukosea. Nchini mna maelfu ya walimu wa namna hiyo, ufuoni, ziwani na malishoni. Shule ikiwaalika darasani hata mara moja kwa muhula, haitakuwa imepoteza muda. Na mtahiniwa atakayeketi tena kuiandika insha ile, huenda safari hii akaandika juu ya chombo, akijua kwamba wapo watu walioilipia methali hiyo kwa roho zao kabla haijafika katika karatasi yake ya mtihani.