Je, Karate Itakuokoa Njiani?

Mwaka jana katika ukumbi mmoja hapa Kitale nilipata mshipi wa njano wa karate. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, utadhani mji mzima ulikuwa umeniona nikiupokea. Likizo ya Agosti ilipofika nikapanda matatu kurudi nyumbani Bungoma, na huko ndiko nilikotiwa adabu.

Gari lilikaa sana Webuye likingoja abiria, nikashuka Kanduyi jua limekwisha kuzama. Nauli ya bodaboda sikuwa nayo. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mwendo wa dakika 20 katikati ya miwa. Nilikuwa na mkoba mgongoni na mfuko wa maparachichi niliyomnunulia Kukhu. Lo! Mtu akachomoka kwenye miwa akanikamata mkono wa kulia. Hakusema kitu.

Sasa, katika ukumbi wetu adui huanza kwa kukuinamia. Kisha hupiga hatua moja na kurusha ngumi, nayo ngumi huiacha hapo hapo hewani hadi umalize kazi yako. Sisi hufanya kata (si kata ya kuni, wala si kata ya chifu), yaani mapigo yaliyopangwa mwanzo hadi mwisho, dhidi ya adui asiyeonekana. Huyu wa miwa alionekana vizuri, tena alinuka pombe. Nilirusha teke. Sketi ya sare ikanibana, matope yakanitelezesha, nikapiga goti chini. Mbinu za mshipi wa njano zikaishia hapo.

Kilichoniokoa ni kidole gumba. Babu yangu, Kuka, alipokuwa kijana alishindana mieleka malishoni na wachungaji wenzake. Sisi wajukuu alitufundisha mchezo mmoja tu: anakushika mkono kwa nguvu zake zote, nawe ujitoe. Ukishindwa, unamchotea maji ya kuoga. "Mjukuu wangu, kila mkono una mlango," husema, "na mlango wenyewe uko kwenye gumba." Maana yake ni kwamba vidole vinne viko upande mmoja, gumba liko peke yake upande wa pili. Ukiuzungusha mkono wako hadi ule ubavu wake mwembamba uelekee pale gumba linapokutana na vidole, kisha uvute kiwiko kuja kwako kwa uzito wa mwili mzima, hata mwenye nguvu huachilia. Nilifanya hivyo bila kufikiri, na papo hapo nikapiga ukemi ambao hadi leo sijui ulitoka wapi. Mbwa wakabweka, mama mmoja akauliza kwa sauti, "Nani huyo?" na jamaa akatokomea. Maparachichi yalitawanyika. Kukhu aliyaokota asubuhi yake, saba kati ya kumi.

Nilipotulia nikajiuliza: mbona mchezo wa Kuka ulikuja wenyewe, na karate ya miaka miwili ikakataa? Mbinu ya kujitoa mkononi mwa mtu imo hata ndani ya karate. Tofauti ni kwamba Kuka hakuwahi kuniachilia kwa hisani. Nililazimika kumshinda au nichote maji. Mjapani Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alilielewa jambo hili. Katika mazoezi ya kushindana aliziweka kando mbinu za kuvunja viungo na kuumiza vibaya, akabakiza zile ambazo wanafunzi wangeweza kufanyiana kwa nguvu zote na kesho yake wakarudi tena mazoezini. Mbinu nyepesi uliyomfanyia mtu anayekataa mara elfu ni bora kuliko mbinu kali uliyoifanyia hewa.

Wengine watasema, basi tujiunge na michezo ya mashindano. Si vibaya hata kidogo. Faith Ogallo, aliyejifunza taekwondo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii hapa Bungoma, alifika Olimpiki za Tokyo mwaka 2021. Mwili kama huo na macho kama hayo hayapatikani kwa kulala. Lakini taekwondo ya mashindano ina sheria zake: ngumi ya usoni hairuhusiwi, na ukimkamata mpinzani unaadhibiwa. Mtu wa kwenye miwa huanza kwa kukukamata.

Tena kila silaha ina adui wake. Mwaka 1895 Wabukusu walijikinga ndani ya ngome ya Chetambe, karibu na Webuye. Kuta na handaki viliwafaa dhidi ya maadui wenye mikuki, lakini mbele ya bunduki za Waingereza havikufua dafu. Hivyo nawe usidanganywe na filamu. Akitokea mtu na panga akataka simu, mpe simu. Ukipata nafasi, toka mbio.

Waama, ushahidi ulionishangaza zaidi unatoka Nairobi. Huko Korogocho hata mashosho wamefundishwa kujikinga. Kuhusu wasichana wa shule katika mitaa ya mabanda, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics ulieleza mafunzo ya vipindi 6 vya saa 2 kila kimoja. Hakuna mishipi wala kata. Msichana hufundishwa kuitambua hatari mapema, kusema "Hapana!" kwa sauti ya kusikika, na mikono na miguu kuitumia pale sauti inaposhindwa. Zaidi ya nusu ya wasichana waliofunzwa walisema kuwa katika mwaka uliofuata waliwahi kuzuia shambulio kwa ujuzi huo. Saa 12 tu! Mimi kwa saa 12 nilikuwa bado najifunza kufunga mshipi.

Kuhusu sheria, kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinakuruhusu kujitetea, ila kwa nguvu zinazolingana na hatari iliyopo. Ukishajinasua na adui amekimbia, ukimfuata na jiwe hujitetei tena.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilirudi ukumbini nikiwa na ombi. Nikamwambia mwalimu, "Shikamoo mwalimu. Naomba dakika kumi za mwisho tushikane kweli kweli, tukiwa na sare na mikoba." Wavulana wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza yaliyonipata, nikamsimulia yote hadi maparachichi. Akanyamaza kidogo, akamwagiza mmoja wao avae mkoba wangu, kisha akaenda ukutani akazima taa.