Moyo ukishindwa kusukuma damu, pampu inasaidiaje?

Moyo kushindwa kufanya kazi haina maana kwamba umesimama. Umechoka, hausukumi damu ya kutosha.

Dalili zake ni kuhema ukitembea kidogo, miguu kuvimba na kukosa pumzi ukilala chali. Kwa Njombe na Makambako ni rahisi kusingizia baridi, kumbe tatizo ni moyo.

Pampu ni nini?

Ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye chemba ya chini kushoto ya moyo. Kinavuta damu na kuisukuma kwenye mshipa mkuu bila kupumzika. Moyo hauondolewi.

Waya hutokea tumboni na kuunganishwa na betri ambazo mgonjwa huzivaa. Kwa kuwa damu inatiririka mfululizo, mara nyingi ukimshika mkono hupati mapigo.

Huwekewa mgonjwa aliyezidiwa ambaye dawa zimeshindwa, akisubiri moyo wa kupandikizwa au aishi nayo moja kwa moja. Utafiti wa pampu ya HeartMate 3, uliochapishwa Marekani mwaka 2022, ulionyesha asilimia 58 ya waliowekewa walikuwa hai baada ya miaka 5.

Shida iko wapi?

Kwanza hela: Marekani gharama inapita dola 100,000. Pili umeme: betri zichajiwe kila siku, bila kukosa. Tatu, mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda na kupimwa damu mara kwa mara, huku kidonda cha waya kikisafishwa kisipate usaha. Kiharusi na kutokwa damu navyo ni hatari zake.

Kinachowezekana sasa

Utafiti wa Muhimbili wa wagonjwa 427, mwaka 2012 hadi 2013, ulikuta presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45. Na presha inapimwa hata zahanati.

Ukiwa Makambako, anzia hospitali ya mji. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, kama kilomita 60, kisha Mbeya au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ukipewa vidonge, usiviache kwa sababu uvimbe umepungua. Umepungua kwa sababu unavinywa. Kwa wagonjwa wengi, vidonge hivyo ndivyo vinavyochelewesha siku ya kuhitaji pampu, au kuifuta kabisa.